Mijusi Wanaolijua Koti

Machakos Mjini
7 Septemba 2025

Baba,

Ikiwa unasoma haya, basi boti haikuzama, na hiyo ndiyo habari njema ya kwanza. Nimekuwa nikiogopa tangu ulipopanda basi la Kitale. Bado sielewi inakuwaje mwalimu wa biolojia anastaafu, anarudi Muthetheni, anapanda maharagwe, halafu anayaacha na kwenda kuishi miezi minne kwenye kisiwa cha volkano katikati ya Ziwa Turkana ili kutazama mijusi wasiozidi kidole. Najua Mutindi alikuwa mwanafunzi wako, na sasa ni mtafiti wa kweli. Lakini angeweza kutafuta msaidizi kijana, mtu anayejua kuogelea.

Kazini kwa wakili bado sijafukuzwa. Nasema hivyo kwa sababu muda wa majaribio unaisha Desemba na wakili huwa hasemi anafikiria nini. Faili zangu ziko sawa, nazikagua mara mbili. Tatizo ni kaunta. Mteja akifikiwa na zamu yake natakiwa kuita jina lake, na sauti inakwama hapa kooni. Juzi mzee mmoja wa Kyumbi aliniambia mbele ya wote, "Wewe msichana, ongea kama mtu amekula." Benchi zima likacheka. Nikacheka pia, kisha nikaenda kupanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna rangi za kucha ulizoagiza, kila rangi niliyoiona dukani. Carol wa ofisini aliniuliza baba yangu anapaka kucha za nani. Kuna pia jaketi nyekundu niliyokuchagulia Tala sokoni. Nilichagua nyekundu kwa makusudi: ukianguka majini, watu wa boti watakuona kwa mbali. Naomba uivae badala ya lile koti lako la kaki la kufundishia. Limechakaa viwiko, na rangi yake ni ile ile ya mawe. Mtu akikutafuta atakutafutia wapi?

Festus anakusalimu. Nitaandika juu yake siku nyingine.

Mwanao anayekuombea,
Ndinda


Kisiwani
18 Septemba 2025

Mwiitu wakwa, binti yangu Ndinda,

Boti haikuzama. Mamba wapo, lakini wana shughuli zao upande wa pili, na sisi tuna zetu juu mlimani. Mtandao hakuna. Boti ya mahitaji huvuka mara moja kwa wiki hadi Kalokol, na kutoka huko barua hupanda basi kama abiria wengine. Kwa hiyo usihesabu ukimya wangu kuwa ugonjwa.

Sasa nikuambie rangi za kucha zinafanya nini. Mjusi akishikwa, kwa kitanzi chembamba cha uzi wa kuvulia samaki, anapakwa nukta mbili mgongoni kisha anaachiliwa pale pale. Kuanzia hapo anajulikana. Tuna Nyekundu-Buluu, tuna Zambarau-Nyeupe, na tuna dume mmoja wa Njano-Njano anayekalia jiwe refu kuliko yote. Dume mwingine akikaribia, Njano-Njano anajiinua kwa mikono na kushuka, anajiinua na kushuka, mpaka mgeni achoke na kuondoka. Nimempa jina Muindi. Usimwambie mwenye jina, baba yako mdogo.

Kazi yenyewe ni kukaa. Hakuna aliyewahi kunilipa kwa kukaa kabla ya hapa. Unachagua mahali, unatulia, na humtazami mjusi machoni. Ukimtazama, anajua anawindwa. Unatazama pembeni kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kingine kabisa, na polepole anarudi kwenye mambo yake. Kisha unaandika: amekula nini, amefukuzana na nani, amelala kivuli gani.

Kuhusu jaketi. Niliivaa siku ile ile ilipofika, na nilijiona kijana. Nikapanda hadi kwenye mawe yetu na asubuhi nzima sikuona hata mkia. Mutindi alicheka mpaka akakaa chini. Mijusi hawa wamenizoea, Ndinda, ila wamenizoea ndani ya koti la kaki. Kwao mimi ni koti. Nikilivaa, Zambarau-Nyeupe hupita karibu na kiatu changu bila wasiwasi. Nikiwa mwekundu, mimi ni mnyama mpya asiyejulikana. Basi jaketi naivaa botini, ambako ndiko ulikokusudia niivae, na kambini jioni. Usisikitike. Ni jaketi nzuri.

Uliandika jina la Festus kisha ukalikimbia. Kuna nini? Kijana nampenda, na duka lake la misumari na mabati Tala naliheshimu. Sema tu.

Baba yako,
Titus


Machakos Mjini
28 Septemba 2025

Baba,

Nimeona aibu juu ya jaketi. Nilidhani nakulinda, kumbe nimekuharibia kazi asubuhi nzima. Mwombe Mutindi radhi kwa niaba yangu.

Nitasema sasa, kabla sijabadilisha mawazo. Watu wa Festus wametuma neno. Wanataka kuleta mbuzi wa ntheo, wa kuniposa, Jumamosi tarehe 8 Novemba, nyumbani kwetu Muthetheni, watu wakishamaliza kupanda. Baba mdogo Muindi amekubali siku hiyo na ameanza kuamuru kila mtu. Mimi nilisema ndiyo, kwa sauti ndogo, na nikaandika hapa haraka.

Ninachoogopa unakijua. Kabla mbuzi hajachinjwa, mzee atasimama na kuniuliza mbele ya pande zote mbili kama nawajua watu hawa, na kama mbuzi wao aliwe. Mimi ndiye nitakayejibu. Hakuna anayeweza kujibu badala yangu. Nikinyamaza, watu wa Tala watafikiri nimelazimishwa au simtaki kijana wao, na watarudi na mbuzi wao. Shangazi yake Festus, yule Syokau, tayari ameuliza kama mimi huwa naongea. Festus anasema nisijali, yeye ananisikia. Lakini Festus husogea karibu ndipo anisikie, na siku hiyo atakuwa amekaa ng'ambo ya uwanja na wajomba zake.

Mama angekuwepo ningemtazama yeye. Tangu alipotutoka, mtu ninayeweza kumtazama nikazungumza ni wewe tu. Hata siku ya mahojiano ya kazi ulikaa nje ya dirisha la wakili ukijifanya kusoma gazeti. Nilikuona. Ndiyo maana nilijibu.

Naomba uje, Baba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa namna hii.

Ndinda wako


Kisiwani
9 Oktoba 2025

Ndinda,

Habari ya ntheo imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Mwambie Festus hivyo.

Sasa nivumilie. Tumepata mayai. Zambarau-Nyeupe ameyabandika ndani ya ufa wa jiwe, mawili, meupe, kama mbegu za njegere. Mutindi anakadiria yataanguliwa katikati ya Novemba, na hakuna aliyewahi kuwatazama watoto wa mijusi wa kisiwa hiki tangu dakika wanapotoka. Lazima mtu wao wa kawaida awe pale. Siku hizi nakaa kwenye jiwe moja kutoka asubuhi hadi jua linapopoa. Sizunguki tena.

Kwa hiyo sitaweza kuja tarehe 8. Muindi ni ndugu yangu wa tumbo moja na anaweza kupokea mbuzi kwa niaba yangu. Si jambo geni. Wewe utajibu vizuri. Una sauti, mimi niliisikia kabla hujaota meno.

Usikose kazi kwa ajili ya jambo lolote mpaka Desemba. Hilo nakusihi.

Baba yako,
Titus


Machakos Mjini
17 Oktoba 2025

Mwalimu Titus,

Barua yako ya tarehe 9 nimeipokea na kuielewa.

Baba mdogo Muindi alitaka kujua unasemaje, akaniambia nimsomee hizo barua za mijusi. Nilimsomea zote isipokuwa pale ulipompa mjusi jina lake. Akasema, "Kaka yangu alifundisha watoto wa watu maisha yake yote. Sasa anafundisha wa mijusi. Wake atamfundisha lini?"

Natumaini mayai yataanguliwa salama. Samahani kwa usumbufu.

Wako,
Ndinda T. Kasyoki
Karani


Kisiwani
24 Oktoba 2025

Dada Ndinda,

Hatujaonana tangu ukiwa darasa la nne, ukijificha nyuma ya mlango wa jikoni kwenu nilipokuja kuazima vitabu. Ni mimi Mutindi. Mwalimu hajui kwamba naandika. Aliniapisha nisikupigie simu nikifika Kalokol. Kuhusu barua hakusema kitu.

Baba yako amevunjika kifundo cha mguu. Usisimame. Kaa umalize kusoma.

Barua yako ya kumwomba aje ilipofika, hakusubiri hata chai. Aliniambia anaondoka na boti itakayofuata, mayai nitayatazama mwenyewe. Akaifua ile jaketi nyekundu kwa sababu alitaka kuja nayo nyumbani, watu wa Tala waone binti yake anamvalisha. Akaianika juu ya mawe. Hapa upepo ukianza hauombi ruhusa. Jaketi ikaruka kuelekea ukingo wa shimo la volkano, naye akaikimbilia juu ya changarawe nyeusi, ile inayoteleza kama mahindi makavu. Nilimkuta amekaa chini, mguu umepinda, jaketi ameikumbatia.

Hospitalini Lodwar walimfunga plasta na kumwambia asiukanyage mguu mpaka Desemba. Barabara ile kwa basi, siku mbili, daktari alikataa kabisa. Nilitaka abaki mjini. Akasema kukaa ni kukaa, na kisiwani angalau kuna cha kutazama. Tunambeba mimi na Ekal wa boti hadi kwenye jiwe lake kila asubuhi, tukibishana njia nzima.

Alikuficha jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, anajua utaacha kazi uje. Ya pili ni jaketi. Alisema, "Yule mtoto akisikia ni jaketi, hatanunulia mtu kitu tena maishani."

Barua yako ya tarehe 17 imefika leo. Ameisoma, akaikunja, hajala mchana. Sikulaumu. Mayai ni ya kweli, lakini si mayai yaliyomzuia. Ndivyo ilivyo.

Dada yako,
Mutindi


Kisiwani
31 Oktoba 2025

Mwiitu wakwa,

Barua yako fupi imenifikia. Umesaini kama unavyosaini za ofisini, na nilistahili.

Siwezi kuja. Sitasema tena kwamba ni mayai. Sababu nitakueleza ana kwa ana, na utanigombeza, nami nitanyamaza.

Nakutumia koti. Liwekeni juu ya kiti changu, pale ninapokaa siku zote, upande wa mlango wa ghala. Mzee akikuuliza, usiwatazame watu. Tazama koti. Mimi ni hilo.

Usijali kuhusu kazi ya hapa. Mutindi anajua.

Baba


Muthetheni
9 Novemba 2025

Baba yangu,

Naandika nikiwa kwenye meza yako, jana ilikuwa ntheo, na kwanza nikuambie: najua. Mutindi aliniandikia, ila barua yake ilichelewa njiani. Usimgombeze, hakupiga simu. Nilipomaliza kusoma ile barua nilisimama, ingawa aliniambia nisisimame. Nilifika mpaka mlangoni kwa wakili kuomba ruhusa nije huko, hata kama angenifukuza. Mkono ukiwa kwenye kitasa, Carol akaniita kwamba nina kifurushi cha basi. Nikalifungua koti pale kaunta. Lilikuwa na mchanga mweusi mifukoni. Nikajua umenitumia kitu cha pekee kinachokuruhusu ukae karibu na mijusi wako, wiki ambayo mayai yanakaribia kuanguliwa, na mguu hauwezi kukupeleka popote pengine. Nikarudi kukaa. Nililia kidogo juu ya faili ya mtu, ikabidi niikaushe kwa kuipepea na kalenda.

Naomba unisamehe ile barua. Niliisaini kwa ubaya.

Sasa ya jana. Walikuja, mbuzi watatu, weusi wawili na mmoja mwekundu aliyekula ua la jirani kabla ya kuingia uwanjani. Baba mdogo Muindi hakutaka koti likae kitini. Alisema wageni watadhani tumefiwa. Tukabishana, yaani yeye akabisha nami nikasimama pale nimelishika, mpaka akachoka na kulitundika mwenyewe kwenye mgongo wa kiti. Yeye akakaa kiti cha pembeni.

Mzee akasimama akaniuliza. Nikatazama koti kama ulivyoniambia. Lakini Baba, lilikuwa tupu. Mikono imelegea. Niliona tu kwamba hupo. Sauti ikakwama, watu wakaanza kusogeza viti, na Syokau akamwambia jirani yake, bila kujificha, "Sasa huyu tunampeleka nyumbani akaongee na nani?" Festus akainuka nusu, mjomba wake akamvuta shati. Yule mzee wetu akauliza mara ya pili. Bado.

Hapo Muindi akainuka. Nilidhani anakuja kunikemea. Akalichukua koti lako kitini, akalivaa. Lilimbana, mikono ikaishia hapa juu, ungecheka. Kisha akakaa kwenye kiti chako, na hakunitazama. Aligeuza uso akawa anatazama ghala, pembeni kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kingine kabisa. Alikuwa ameshika kila neno nililomsomea, yule mtu aliyesema unafundisha mijusi. Nikaona koti, viwiko vyake, na mtu ndani yake asiyeniwinda.

Nikasema, "Nawajua. Mbuzi wao waliwe."

Wanasema nilipaza sauti mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Sikumbuki. Nakumbuka Syokau akisema, "Kumbe iko na sauti," na watu wa Tala wakapiga vigelegele, na Festus akajifuta uso na mkono wa shati mbele ya wajomba zake wote.

Muindi hakulivua koti hadi jioni. Alikula nalo nyama, kwa hiyo lina mafuta kifuani. Wakati wa kuondoka akaniambia nikuambie kwamba anajua kuna mjusi mwenye jina lake. Niliacha barua mezani. Anauliza kama mjusi huyo ana nguvu.

Koti nimelifunga tayari, nitalirudisha kwa basi la Jumatano. Nisamehe limechelewa.

Mwanao anayekupenda, mwenye sauti,
Ndinda


Kisiwani
20 Novemba 2025

Ndinda wangu,

Mwambie Muindi kwamba mwenzake ana nguvu sana, ila anaringa.

Kifurushi chako nimekipokea leo na nakirudisha kwa boti ile ile bila kukifungua. Usishtuke. Soma.

Tangu koti lilipoondoka nilikuwa nikikaa pale kwenye jiwe ndani ya jaketi yako, kwa kuwa jua na upepo wa hapa haviruhusu mtu akae na shati tupu. Ilikuwa kama nilivyotarajia. Nyekundu-Buluu alihama. Zambarau-Nyeupe akawa anachungulia kwa mbali na kukimbia. Nilikaa tu. Sikuwa na mguu wa kuniondoa.

Juzi asubuhi yai la kwanza lilipasuka, na la pili likafuata kabla chai yangu haijapoa. Walikuwa wadogo hata kope ya jicho inaweza kuwafunika. Nikageuza uso pembeni, nikijua wataniona na kutoweka ndani ya ufa. Wa kwanza akatoka juani, akatulia, akanitazama. Kisha akaja. Alitembea juu ya jiwe moja kwa moja hadi kwenye mkono wa jaketi, akapanda mpaka kwenye kiwiko, na hapo akaota jua. Mutindi aliacha kuandika. Mimi niliacha kupumua.

Hawa hawajawahi kuliona koti la kaki, Ndinda. Mtu wa kwanza waliyemwona duniani alikuwa mwekundu. Kwao hivi ndivyo mtu alivyo. Nikilivaa koti sasa, watanikimbia.

Kwa hiyo liweke wewe. Litundike nyuma ya mlango wa ofisi, ukimaliza majaribio yako. Mimi nitashuka Desemba kwa mguu wangu mwenyewe, nikiwa nimevaa jaketi, na usiponitambua kituoni, ita jina langu kwa sauti.

Baba yako,
Titus